Je, ni lazima kuosha nywele kwa shampuu? Mambo ya kujua kwa wakazi wa Kibuli

Swali la nywele zioshwe mara ngapi, na zioshwe kwa kitu gani, ni la kawaida katika saluni za Kibuli, na majibu yake hayalingani. Wapo wanaoosha kila juma. Wapo wanaosubiri misuko ifumuliwe baada ya majuma sita au manane. Na sasa wapo wanaosikia katika mitandao ya kijamii kwamba shampuu huharibu nywele na kwamba tiba ni kuiacha kabisa, nywele zijisafishe zenyewe.

Ushauri huo mara nyingi hutoka kwa watu wenye nywele za namna nyingine, wanaotumia maji ya namna nyingine na wenye desturi nyingine za kuoga. Sehemu yake moja inafaa hata Kampala, na inaweza kumpunguzia mtu gharama na nywele kukatika. Sehemu nyingine inaweza kumchelewesha mtu kutibiwa maradhi ya ngozi ya kichwa. Makala haya yanatenganisha sehemu hizo mbili.

Kwa ufupi, nywele zinaweza kudumu bila shampuu, lakini ngozi ya kichwa haiwezi kudumu bila kusafishwa. Mkanganyiko mwingi unatokana na kuvichukulia vitu hivyo viwili kuwa kimoja.

Kilima kimoja, vichwa vya kila namna

Kibuli ni kilima kilicho kusini-mashariki mwa katikati ya jiji la Kampala. Juu yake umesimama msikiti mkubwa uliojengwa katika ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, na kuuzunguka zipo shule, chuo cha ualimu na hospitali ya Waislamu. Kibuli pia ndipo palipo na chuo cha mafunzo ya polisi, na Kiswahili ni lugha ya zamani katika kambi za askari wa Uganda. Ndiyo maana Kiswahili husikika hapa zaidi kuliko katika vitongoji vingi vya jiji.

Katika eneo hilo dogo zinapatikana karibu namna zote za kutunza nywele. Wanafunzi wa shule nyingi za Uganda, wavulana kwa wasichana, hutakiwa kukata nywele ziwe fupi sana. Makuruta wa polisi hunyolewa. Wanawake husuka rasta, au mistari ambayo katika mazungumzo ya Kampala huitwa "biswahili", au huweka dawa ya kunyoosha. Wengi hufunika nywele kwa hijabu au mtandio kutwa nzima. Kwa hiyo shauri moja la "osha kila siku" au "usioshe kabisa" haliwezi kumfaa kila mkazi wa kilima hicho.

Shampuu ilitoka wapi?

Neno shampuu lina asili ya Kihindi, katika kitenzi chenye maana ya kukanda au kubonyeza mwili. Lilipoingia katika Kiingereza katika karne ya 18 halikuhusu nywele hata kidogo. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna nchini India, alifungua nyumba ya kuogea kwa mvuke mjini Brighton, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, na huduma aliyoiita kwa jina hilo ilikuwa kukanda viungo vya wagonjwa. Maana ya kuosha kichwa ilikuja baadaye.

Bidhaa yenyewe ni changa zaidi. Mwaka 1903 mfamasia Hans Schwarzkopf wa Berlin alianza kuuza unga wa kuoshea nywele uliochanganywa na maji. Kabla ya hapo watu wengi wa Ulaya walitumia sabuni ya kawaida. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilileta Drene, shampuu iliyotengenezwa kwa visafishi vya kiwandani badala ya sabuni. Mwanzoni mwa karne ya 20, washauri wa urembo wa Marekani waliona kuwa kuosha nywele mara moja kwa majuma kadhaa kunatosha. Desturi ya kuosha kila siku ilienea baadaye, pamoja na mabomba ya maji moto ndani ya nyumba na matangazo ya biashara.

Afrika Mashariki na nchi zinazozunguka Bahari ya Hindi hazikuwa bila visafishi kabla ya hapo. Katika nchi za Kiarabu, Oman ikiwamo, majani makavu ya msidri husagwa na kuchanganywa na maji ili kuoshea nywele. Waswahili wanaujua mti huo kwa jina la mkunazi, na majani yake hutumika pia katika maji ya kuoshea maiti. Nchini India yalitumika maganda ya shikakai na matunda ya ritha. Mimea hiyo yote ina saponini, dutu ya asili inayotoa povu na kushika mafuta. Kwa mtu wa pwani, basi, kuosha nywele bila shampuu si habari mpya iliyoletwa na mitandao. Ni jambo lililofanywa na bibi zake, ila wao hawakuliita kuacha kuosha.

Mafuta ya kichwa yanafanya kazi gani?

Kila unywele huota katika kitundu kidogo chenye tezi ya mafuta. Mafuta hayo hulainisha ngozi na kuupaka unywele ulinzi dhidi ya kukauka. Katika nywele zilizonyooka, mafuta huteleza kutoka shinani hadi nchani kwa urahisi, kwa hiyo kichwa huonekana kimelowa mafuta baada ya siku moja au mbili. Katika nywele za kipilipili, kila kizingo cha unywele huyazuia mafuta yasisafiri. Shina huwa na mafuta ya kutosha huku ncha zikikauka na kukatika.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini wingi wa kuosha hauwezi kuwa sawa kwa watu wote. Shampuu kali huondoa uchafu pamoja na mafuta machache yaliyofanikiwa kufika nchani. American Academy of Dermatology, chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, huwashauri watu weusi kuosha nywele mara moja kwa juma au mara moja kila baada ya majuma mawili, na kutumia kondishena kila wanapoosha. Mtu wa Kibuli mwenye nywele ndefu za kipilipili anayeosha kwa shampuu kila siku kwa kudhani huo ndio usafi anajitakia nywele kavu.

Ngozi ya kichwa ina hesabu yake. Humwaga seli zilizokufa kila wakati, hutoa jasho, hupokea vumbi la barabarani, na hubeba fangasi wadogo wa aina ya Malassezia ambao hula mafuta. Kwa watu wengi fangasi hao hawana madhara. Kwa wengine huchokoza ngozi, nayo huwasha, huwa nyekundu au ya rangi tofauti, na kutoa magamba ya mba. Mafuta na magamba yakiachwa yarundikane, hali huzidi.

Hoja za wanaoacha shampuu zina nguvu kiasi gani?

Hoja ya kwanza ni kwamba shampuu huzifanya tezi zitoe mafuta mengi zaidi, na kwamba mtu akiiacha kwa majuma machache tezi hutulia. Hoja hii hurudiwa sana, lakini kiasi cha mafuta hutawaliwa hasa na homoni za mwili, umri na urithi. Tezi iliyo chini ya ngozi haina njia ya kujua kwamba unywele wa juu umeoshwa. Kinachobadilika baada ya majuma kadhaa mara nyingi ni mazoea ya mtu na namna anavyochana nywele zake.

Hoja ya pili ni ushuhuda wa waliojaribu. Mwaka 2007 mtangazaji wa redio wa Sydney, Richard Glover, aliwaalika wasikilizaji wake waache shampuu kwa majuma sita. Zaidi ya watu 500 walishiriki, na asilimia 86 kati yao walisema nywele zao zilibaki vile vile au ziliimarika. Jaribio hilo lilifurahisha wengi na linaonyesha kwamba watu wengi hawapati madhara ya haraka. Lakini walioshiriki walijichagua wenyewe, walijipima wenyewe, na hapakuwa na daktari aliyekagua ngozi za vichwa vyao.

Kuna utafiti uliotoa picha tofauti. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa watu wa Asia, ambao uliona kwamba walioosha mara tano au sita kwa juma waliridhika zaidi na hali ya nywele na ngozi zao za kichwa, na kwamba kuosha mara nyingi hakukuleta madhara yaliyohofiwa. Msomaji anapaswa kukumbuka mambo mawili kuhusu uchunguzi huo. Uliwahusisha watafiti wa Procter & Gamble, kampuni inayouza shampuu. Na wahusika walikuwa na nywele zilizonyooka, ambazo hazina shida ya ukavu waliyo nayo watu wengi wa Uganda.

Kinachobaki baada ya kupima pande zote ni hiki: hakuna idadi moja iliyo sahihi kwa kila kichwa. Mwenye nywele za kipilipili anaweza kupunguza shampuu bila wasiwasi. Mwenye mba hapaswi kuongeza muda kati ya kuosha kwa kufuata mtindo.

Vitu vinavyotumiwa badala ya shampuu

Maji matupu huondoa jasho, vumbi na sehemu ya magamba, hasa mtu akisugua ngozi kwa ncha za vidole, bila kutumia kucha. Hayaondoi vizuri mafuta ya mgando. Anayejipaka mafuta mazito kila asubuhi kisha akaosha kwa maji tu huongeza tabaka juu ya tabaka.

Kondishena peke yake hutumiwa na baadhi ya wenye nywele za kipilipili. Husafisha kidogo na kulainisha sana. Huwafaa wenye nywele kavu na ngozi yenye afya, mradi zisuuzwe vizuri.

Majani ya mkunazi yaliyosagwa husafisha kwa upole. Yachujwe vizuri, kwa kuwa unga hung'ang'ania katika nywele nene na mtu anaweza kuudhania mba.

Magadi ya kuokea husifiwa sana na wafuasi wa harakati hizi, lakini hayafai. Ngozi ya kichwa ina asidi kidogo, kiasi cha 5.5 katika kipimo cha pH, na unywele wenyewe una kiasi cha 3.7. Maji ya magadi huvuka 8. Magamba ya unywele hufunguka, nywele husuguana na kukatika. Siki iliyotiwa maji mengi hufanya kinyume chake na kuzifanya nywele zing'ae, lakini si kisafishi, na ikiwa kali huunguza ngozi yenye vidonda. Tahadhari hiyo inahusu pia ndimu.

Sabuni ya mche, inayotumika kufulia nguo na kuogea katika nyumba nyingi, ina pH ya 9 au zaidi. Kwenye maji ya chumvi ya visima vya pwani huacha utando mweupe unaonata. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria na ni laini kuliko hayo, kwa hiyo utando huo si tatizo kubwa hapa. Kwa kichwa kilichonyolewa, sabuni ya kuogea inatosha. Kwa nywele ndefu, sabuni ya mche hukausha kuliko shampuu nyingi, na anayeacha shampuu akarudi kwenye sabuni hiyo hajapata nafuu yoyote.

Mafuta ya nazi yanastahili kutajwa peke yake. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, ukaona kwamba mafuta ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza kupotea kwa protini ya unywele yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu ni kwamba hupenya ndani ya unywele. Hiyo ni hoja ya kuyapaka kwenye nywele, hasa nchani, kabla ya kuosha. Haiwi hoja ya kuyajaza kwenye ngozi yenye mba, kwa sababu fangasi wa Malassezia hustawi kwa mafuta.

Nywele zilizosukwa na zinazofunikwa

Msuko wa rasta hukaa kichwani kwa majuma kadhaa, na wengi huogopa kuuosha usije ukachakaa mapema. Hofu hiyo ina gharama yake. Ngozi iliyo kati ya mistari iko wazi na inaweza kusafishwa bila kufumua: shampuu kidogo hutiwa katika chupa ya maji, hunyunyizwa kwenye mistari, husuguliwa kwa ncha za vidole au kitambaa laini, kisha husuuzwa kwa maji mengi. Kufanya hivyo mara moja kila juma moja au mawili kunatosha kwa watu wengi. La muhimu ni kuzikausha nywele hadi shinani. Rasta hushika maji kwa saa nyingi, na zikifunikwa zikiwa mbichi hutoa harufu na kuifanya ngozi ilowe.

Kwa sababu hiyo, mwanamke anayevaa hijabu hana haja ya kuosha mara nyingi zaidi kuliko mwingine, ila ana haja ya muda wa kukausha. Kuosha jioni baada ya shughuli, na kuziacha nywele wazi nyumbani hadi zikauke, ni bora kuliko kuosha asubuhi na kuzifunga mara moja. Kitambaa cha ndani cha hijabu hugusa jasho na mafuta kila siku, hivyo nacho kifuliwe mara kwa mara.

Kufumua msuko huwashtua wengi kwa sababu ya fundo la nywele zinazotoka. Kwa kawaida mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Katika msuko wa siku 42, nywele zipatazo 2,100 hadi 4,200 zilizokwisha kung'oka hubaki zimenaswa ndani, nazo hutoka zote kwa pamoja siku ya kufumua. Hilo peke yake si ugonjwa, wala shampuu haina lawama.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni msuko unaobana. Nywele zikivutwa kwa nguvu kwa miaka, mashina ya pembeni mwa paji na juu ya masikio hudhoofika na hatimaye hufa. Uchunguzi uliofanywa Cape Town, Afrika Kusini, uliona dalili za upara wa namna hii kwa karibu theluthi moja ya wanawake wazima waliochunguzwa. Hakuna shampuu wala kuacha shampuu kunakozuia hali hiyo. Kinachozuia ni kumwambia msusi alegeze, na kukataa msuko unaoumiza au unaotoa vipele siku ya kwanza.

Maji ya ibada

Kwa Waislamu wa Kibuli, kichwa hupata maji hata pale mtu asipokusudia kuosha nywele. Katika udhu kichwa hupakwa maji. Katika josho la wajibu maji hutakiwa kufika kwenye ngozi ya kichwa. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Ummu Salama alimuuliza Mtume iwapo afumue misuko yake kwa ajili ya josho la janaba, akajibiwa kwamba inamtosha kumwagia kichwa maji mara tatu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, wanasisitiza kwamba maji yafike ndani ya msuko, na usipoyaruhusu ufumuliwe.

Josho hilo ni tohara, na sharti lake ni maji. Sabuni wala shampuu si sehemu ya wajibu wake. Kwa hiyo mtu anaweza kupunguza shampuu bila kugusa ibada yake. Jambo linalohitaji kufikiriwa ni nywele za bandia zinazobandikwa kwa gundi au kushonewa juu ya wavu, kwa kuwa huziba ngozi. Hukumu yake ya kidini ni ya kuulizwa kwa masheikh. Kwa upande wa afya, kizibo kinachoizuia ngozi isipate maji kwa majuma mengi hakifai kwa mtu yeyote, wa dini yoyote.

Watoto wa shule na mashine ya kunyolea

Kichwa kifupi cha mwanafunzi ndicho rahisi zaidi kukitunza. Huoshwa wakati wa kuoga, kwa sabuni ile ile ya mwili, na hukauka kwa dakika chache. Lakini watoto wa umri huo ndio wanaopata mapunye zaidi. Mapunye huletwa na fangasi wa aina nyingine, wanaoingia ndani ya unywele wenyewe. Huonekana kama viraka vya duara vyenye magamba, nywele zimekatika karibu na ngozi, wakati mwingine na vipele vya usaha. Huambukizwa kwa kugawana chanuo, kofia, taulo na mashine ya kunyolea isiyosafishwa.

Hapa ndipo ushauri wa kuacha shampuu unapoweza kudhuru. Mapunye hayaponi kwa maji, siki, ndimu wala mafuta, na hata dawa ya kupaka haitoshi kwa kuwa haifiki ndani ya unywele. Tiba yake ni dawa ya kumeza, kama griseofulvin au terbinafine, inayotolewa na mhudumu wa afya na kutumiwa kwa majuma kadhaa hadi iishe. Shampuu yenye dawa ya fangasi huongezwa ili kupunguza mbegu za fangasi zisiwafikie watoto wengine wa nyumba hiyo. Mzazi anayeziacha zote mbili huku akisubiri kichwa kijisafishe anaupa ugonjwa muda. Mapunye makali yakicheleweshwa huacha makovu, na palipo na kovu nywele hazioti tena.

Kinyozi naye ana wajibu. Meno ya mashine yasuguliwe nywele zote zitoke, kisha yatiwe dawa ya kuua vijidudu kati ya mteja na mteja. Mzazi ana haki ya kuliomba hilo kabla mtoto hajakaa kitini.

Hesabu ya maji na fedha

Si kila nyumba ya Kibuli ina bomba la ndani. Wapo wanaonunua maji kwa madumu ya lita 20 na kuyapandisha kilimani. Tukichukulia kwamba kuosha na kusuuza nywele nene hutumia nusu ya dumu, anayeosha kila siku atatumia lita 300 kwa mwezi, yaani madumu 15. Anayeosha mara moja kwa juma atatumia kiasi cha lita 40, yaani madumu mawili. Tofauti hiyo ni kubwa kwa familia yenye wasichana watatu, na bado bei ya shampuu yenyewe haijaguswa.

Hata hivyo, maji ya kusuuza si mahali pa kubania. Shampuu, kondishena au unga wa mkunazi ukiachwa kwenye ngozi huwasha, na mtu hulaumu bidhaa wakati kosa ni uchache wa maji. Ni afadhali kuosha mara chache kwa maji ya kutosha kuliko kuosha mara nyingi kwa maji haba.

Namna ya kupunguza kwa utaratibu

Anayetaka kupunguza shampuu anaweza kuanza kwa kuongeza siku moja au mbili kati ya kuosha, na kuangalia ngozi yake kwa mwezi mzima kabla ya kuongeza tena. Shampuu iwekwe kwenye ngozi tu. Povu linaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kusafisha urefu wa nywele. Nchani pakwe kondishena, na nywele zichanwe zikiwa zimelowa nayo, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kwenda shinani. Mafuta mazito yapunguzwe kwa kiasi kile kile ambacho shampuu imepunguzwa, vinginevyo uchafu utazidi.

Anayefanya kazi jikoni, gereji au sokoni penye moshi na vumbi, na anayefanya mazoezi ya jasho kila siku, asijilinganishe na anayeshinda ofisini. Anaweza kusuuza kwa maji kila siku na kutumia shampuu mara moja kwa juma.

Zipo dalili zinazomtaka mtu aache majaribio na kwenda kliniki au hospitali: muwasho unaozuia usingizi, magamba manene yenye rangi ya njano, viraka vya upara, vipele vya usaha, maumivu, au tezi za shingo zilizovimba kwa mtoto. Mba wa kawaida unaweza kujaribiwa kwanza kwa shampuu ya dawa yenye ketokonazoli, zinki pirithioni au seleniamu salfaidi, ikiachwa kichwani kwa dakika chache kama maelezo ya chupa yanavyosema kabla ya kusuuzwa. Usipopungua baada ya mwezi, uchunguzi wa daktari unahitajika.

Kwa asiye na dalili hizo, uamuzi ni wake. Akiamua kubaki na shampuu, aitumie kwa kiasi. Akiamua kuiacha, ahakikishe kwamba maji na vidole vinafika kwenye ngozi ya kichwa kila juma, na kwamba kichwa kimekauka kabla ya kufunikwa.